Tofali la Siku ya Nne

Tabu alipiga simu asubuhi, mimi nikiwa barazani kwangu hapa Maili Moja na glasi ya chai mkononi. "Shikamoo, baba mdogo," akasema. Nikaitikia marahaba. Nyuma yake nikasikia jogoo anawika, kisha akasema, "Baba hatunaye." Nikamuuliza amekwenda wapi. Wanaonijua wakisikia hivyo watasema Maganga ameshaanza, huyu hata msibani hana breki. Lakini sikuwa nafanya utani. Niliuliza kweli, kama mtu anavyouliza basi limepita saa ngapi. Tabu, ambaye mimi nilimbeba mgongoni, akanijibu kwa upole kana kwamba mtoto ni mimi: "Amefariki, baba mdogo. Alfajiri. Tunazika leo leo alasiri, huku huku Maneromango. Mama anasema uje, na uje kama mtani." Nikasema sawa. Nilipokata simu, mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, anautazama mkono wangu. Chai ilikuwa imenimwagikia vidoleni, chai iliyotoka jikoni wakati ule ule, na mimi sikuwa nimesikia kitu.

Marehemu ni Kibwana Pazi, mfyatua matofali wa Visiga. Nusu ya nyumba za Visiga zimesimama juu ya matofali yake. Nikichangamka husema zote. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, kwa hiyo tulikuwa watani kabla hatujazaliwa, tangu babu zangu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo begani. Na mtani ana kazi yake msibani. Ndugu wanalia, yeye anavaa kanzu ya marehemu, analala njiani kuzuia jeneza, anautangaza uchoyo wa maiti mbele ya watu, mpaka mfiwa acheke, na akishacheka, ale. Kazi hiyo nimeifanya mara nyingi kuliko nywele za kichwa changu, ingawa nakiri kwamba siku hizi hilo si jambo la kujivunia. Kijana wa jirani alinipeleka kwa pikipiki, tukapitia Kisarawe, na njia nzima nilikuwa natafuta maneno ya kwenda kusema. Nikajaribu uchoyo wake, hakuwa nao. Nikajaribu sauti yake, ambayo ingeweza kuliita basi lililokwisha fika Chalinze likarudi nyuma. Hakikuja kitu. Kichwa kilikuwa kimetulia kabisa, kama chumba ambacho wapangaji wamehama wakafagia. Nilichokiona tu, tena wazi, ni mwaka ule niliokaa kwake.

Habari za kwetu Tabora naziruka; hazina kosa, ila hazihusiki. Nilifika Visiga nikiwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, nimeishia darasa la saba, na nimejiandikisha masomo ya jioni kwenye shule moja ambayo mbu walikuwa wengi kuliko wanafunzi, na wao ndio waliokuwa wakihudhuria bila kukosa. Nilihitaji kazi itakayoniachia jioni. Nikamkuta Pazi uwanjani kwake, kando ya barabara ya Morogoro, ameinama anageuza kalibu, lile boksi la kufyatulia tofali, suruali imekunjwa hadi magotini. Hakuniuliza najua nini. Aliniuliza kabila. Nilipomjibu akanyooka, akajifuta mikono, akawaambia wateja wawili waliokuwa pale, "Mnaona maajabu? Mtumwa wangu amerudi mwenyewe." Nikamwambia mtumwa ni yeye, babu yangu alimwacha babu yake pwani alinde maembe mpaka tutakaporudi, na sasa nimekuja kuyahesabu. Akacheka hadi akakaa chini juu ya mfuko wa saruji. Nikaanza kazi saa ile ile. Chumba nilichopewa kilikuwa stoo upande wa nyumba yake, kina dirisha la kiganja, koleo sita na kitanda cha kamba. Ukigeuka usingizini unakumbatia toroli.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Unachanganya mchanga na saruji, maji kidogo, unashindilia kwenye kalibu, unageuza, unainua taratibu, tofali linabaki limekaa chini kama mandazi makubwa. Kinachofuata ndicho kilichomfanya Pazi awe Pazi. Unalifunika kwa magunia na kulimwagilia maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Wenzake waliuza siku ya tatu. Yeye alikuwa akisema tofali la siku tatu ni mtoto mchanga, na ni nani huyo anayemtoa mtoto nje kabla ya siku ya saba? Siku ya saba ikifika aliinua tofali moja la kila fungu hadi kiunoni, akaliachia. Likivunjika, fungu zima linarudi chini ya magunia. Alikuja mkubwa mmoja wa ofisi na lori lake, anataka matofali mia nne siku hiyo hiyo, na matofali yalikuwa ya siku ya nne. Pazi akainua moja, akaliachia mbele ya viatu vya yule bwana, likagawanyika vipande vitatu. "Ndiyo nyumba yako hiyo, mzee," akamwambia. "Nikufungie?" Yule bwana aliondoka amenuna, akarudi siku ya saba. Mlio ule wa tofali kuanguka, du, mzito na mfupi, ndio uliokuwa saa ya nyumba ile. Mkewe, Bi Mwanaidi, akiwa jikoni aliusikia, na kwa mlio tu alijua kama limepona au limekufa.

Saa saba mchana Pazi alikuwa anafunga kazi hata mteja awe nani, anakwenda kula nyumbani. Na alikuwa anakula na mkewe na watoto sinia moja, jambo ambalo Visiga yote ililisema. Mwanaume gani huyo, waliuliza, anayegombea dagaa na watoto? Yeye hakujali. Tulikaa mkekani ukumbini, chini ya kalenda ya miaka minne iliyopita ambayo hakuitoa kwa sababu Hamisi, mwanawe mdogo, aliipenda ile picha ya meli. Hakuna aliyegusa chakula mpaka mikono yote iwe juu ya sinia, naye aliihesabu: "Minne. Na wa mtani, mitano. Haya, bismillahi." Mkono mmoja ukikosekana alingoja. Tabu alikuwa akiweza kukaa chooni robo saa kwa hasira ya kukaripiwa, na sisi tunangoja, ubwabwa unatoa moshi, baba yake anaita kwa ile sauti yake, "Tabu, mama, Mnyamwezi anakufa njaa huku, utatuletea kesi." Mimi nilipenda chakula kikiwa cha moto, maana saruji ilikuwa imeshanila ncha za vidole na sikuwa nasikia moto tena. Wenzangu wanapuliza, mimi nachota. "Muangalieni," Pazi akawa anasema, "anakula moto kama dudu la hadithi."

Nilikuwa naona sifa. Kumbe kulikuwa na wanaoniwazia. Siku moja mchana nimejilaza stoo baada ya kula, nikawasikia upande wa pili wa ukuta. Bi Mwanaidi alisema, "Yule kijana vidole vimekufa. Kalamu ataishikaje huko shuleni?" Pazi akajibu, "Mpake mafuta ya nazi." "Nimpake mimi? Mpake wewe, si mtumwa wako?" Kisha Pazi akasema, "Nikimpaka atanisema mpaka Tabora." "Acha akuseme," mkewe akasema. "Akifeli atakusema zaidi." Kesho yake saa kumi, saa yangu ya kuacha kazi, Pazi akaja na kopo, akakaa mbele yangu juu ya ndoo, akanishika mikono bila kunitazama, akaanza kupaka kidole kimoja kimoja kama anayefuta lensi za miwani. Nikamwambia, "Mtumwa anajua kazi." Akasema, "Nyamaza, nisije nikakuvunja." Alifanya hivyo kila siku hadi nilipofanya mtihani. Nilipata daraja la nne, ingawa nikisimulia huwa la tatu, na baada ya pilau huwa la pili. Yeye alilitangaza barabarani kama la kwanza, na kwa cheti kile nikapata ukarani ulionilea mimi na wanangu hadi nikastaafu.

Lakini katikati ya mwaka ule mama yake Pazi alifariki, Bi Chausiku, huko Maneromango. Nilikuwa nimemwona mara mbili. Alikuwa kizee mdogo wa kujaa kiganjani, akikaa kwenye kigoda uani anamenya mihogo, na kila mwanawe alipotokea, hata kama wameachana nusu saa iliyopita, alimuuliza, "Pazi, umekula weye? Mbona shingo imekuwa ya kuku?" Tulipofika msibani, Pazi alikaa kwenye mkeka kama gunia lililowekwa na mtu. Hakulia. Hakula siku ile wala ya pili. Wazee wakanitazama mimi. Mimi kijana, sijawahi kufanya utani wa msiba peke yangu, naogopa kuvuka mpaka. Siku ya pili mchana nikaingia ndani, nikaomba khanga ya marehemu na fimbo yake, nikajifunga, nikatoka uani nimeinama nakokota miguu. Nikakaa kwenye kigoda chake. Nikachukua muhogo, nikaanza kumenya, nikasema kwa sauti yake nyembamba, "Pazi, umekula weye? Mbona shingo imekuwa ya kuku?" Alinitazama muda mrefu hadi nikajua nimeharibu. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka, akalia, akacheka tena, akasema, "Sijala, mama." Nikamwambia, "Basi ule, au nikufuate huko Visiga?" Akaletewa sahani. Akala yote.

Tuliporudi Visiga, asubuhi moja tunamwagilia matofali, akaniita. "Mtani." Nikaitika, "Naam, mtumwa." Akasema bila kuacha kumwaga maji, "Mwanaidi akipatwa na huzuni hali. Alipofiwa na mama yake alikaa siku nne kwa maji ya madafu. Siku yangu ikifika usije ukakaa na watu unalia kama shangazi. Wewe una kazi moja. Ale." Nikamuuliza, na nikitangulia mimi? "Ukitangulia wewe," akasema, "nitakula na sehemu yako."

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani nilipoteremka kwenye pikipiki. Miaka yake ya mwisho Pazi alimwachia Hamisi uwanja wa Visiga, yeye na mkewe wakarudi Maneromango, lakini alichukua kalibu moja kuukuu, na kila wiki alikuwa anafyatua matofali machache uani, hayana mteja, kama wengine wanavyocheza bao. Watu walikuwa wamejaa. Nilipoonekana nikasikia, "Mtani huyo," na kina mama fulani wakaanza kutabasamu mapema, kama watu wanaonyoosha sahani kabla chungu hakijafunuliwa. Nikawapa mikono. Nikakaa. Mzee mmoja akaniegemea, akanong'ona, "Haya, bwana, mjane hajatia kitu mdomoni. Tangu jana usiku." Nikasema nimesikia. Wakaniletea kanzu ya marehemu, ile ya kijivu. Nikaiweka mapajani, nikaishika pindo, nikatazama kuku. Sikuwa na huzuni, na hilo ndilo lililonitisha. Sikuwa na kitu. Mtu angenichoma sindano ningemshukuru kwa kunijulisha nilipo. Saa ikapita. Wale kina mama wakaacha kutabasamu.

Mchanga wa kule haushiki; ukichimba unakurudia. Kwa hiyo kwenye makaburi yao mwanandani, kile kishimo cha ndani anamolazwa maiti, hujengwa kwa matofali. Hamisi akaja uani na toroli na wanaume wawili, macho mekundu, akaelekea kwenye fungu la baba yake lililofunikwa magunia pembeni ya ukuta, chini ya dirisha la chumba alichokaa mama yake na wanawake. "Baba kayafyatua mwenyewe," akasema. "Atalala kwenye kazi ya mikono yake." Watu wakaitikia, wengine wakafuta machozi, ni maneno mazuri. Wakafunua magunia. Mimi nikaona rangi. Mtu aliyekaa na Pazi mwaka mmoja haiwezi kumpita rangi ile, weusi weusi wa tofali lisilokauka moyoni. Nikauliza, "Ya lini haya?" Hamisi akasema, "Jumapili, baba mdogo." Ilikuwa Jumatano. Nikahesabu kwa vidole. Siku ya nne.

Sikupanga kitu. Nataka hilo liaminike, kwa sababu watu wa kule wanasimulia kwamba nilipanga, nami mara nyingine nimewaachia. Miguu ilinyanyuka, mikono ikachukua tofali la juu, ikalileta kiunoni, ikaliachia. Du. Vipande vitatu. Hamisi akanitazama kama niliyempiga baba yake. Na dirishani, nyuma ya pazia, sauti ya Bi Mwanaidi ikatoka, ya kawaida kabisa, sauti ya mtu aliye jikoni:

"Baba Tabu? Limekufa hilo?"

Nilisikia wanawake ndani wakivuta pumzi. Nikasikia na sauti ya Pazi ikijibu, nzito, ile ya kurudisha basi, na ilichukua muda nijue inatoka kwangu. "Limekufa, mama Tabu. Hawa wanataka kunitia kwenye matofali ya siku ya nne. Kuna mkubwa mmoja nilimnyima haya haya na lori lake. Huko ninakokwenda nikimkuta nitamwambia nini?"

Kikatoka dirishani kicheko, chembamba, cha mtu aliyeshtukizwa. "Ulijitakia," akasema. "Hamisi ulimwachia uwanja, kulipima tofali hukumfundisha hata siku moja, angeyajulia wapi?" Hamisi akajishika kichwa. "Mama," akasema, na yeye akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, na uani wote ukaachia. Mwalimu wa msikiti akatazama saa yake, akasema taratibu kwamba jua halina utani. "Watafute mbao," Bi Mwanaidi akasema kutoka dirishani. "Na hayo yafunikwe. Yamwagiliwe." Zikaletwa mbao za jirani aliyekuwa anajenga banda. Tukamzika Pazi kwa mbao. Mimi nilishika upande wa kichwani, na mchanga ulipoanza kushuka nilikuwa nafikiri kama nimefunga mlango wa choo nyumbani kwangu.

Wote walinisifu. Lakini jioni Tabu alipeleka uji ndani, bakuli likarudi limejaa, limefanya utando juu. "Amecheka tu, baba mdogo," akaniambia. "Hajala." Sasa kazi yangu ilikuwa moja na sikuwa nimeifanya. Nikampigia mke wangu simu kwamba sirudi. Nikakaa. Alhamisi asubuhi nikamwagilia matofali, jioni nikamwagilia, na kila nikimwaga maji naona pazia linasogea kidogo. Alikunywa dafu. Ijumaa hivyo hivyo. Vijiko viwili vya uji, Tabu akavihesabu. Nilijaribu na utani, nikavaa ile kanzu, nikamsema marehemu kwamba alikuwa akikoroma hadi matofali yanapasuka. Watu walicheka kwa adabu. Mimi mwenyewe nilijisikia kama redio ya jirani.

Jumamosi ilikuwa siku ya tatu baada ya maziko, siku ya kuondoa matanga. Ilikuwa pia siku ya saba ya yale matofali, na nadhani ni mimi na Bi Mwanaidi tu tuliojua. Baada ya sala ya adhuhuri nikayafunua. Yalikuwa yamekuwa meupe. Nikamwita Hamisi, nikamwambia asimame pale alipokuwa akisimama baba yake. "Inua wewe," nikasema. Akasema, "Likivunjika je, baba mdogo?" Nikamwambia yanarudi chini ya magunia, na sisi tunarudi mkekani. Akainua hadi kiunoni. Akaliachia. Du. Lilikaa pale pale kwenye mchanga, zima, halina hata ufa, kama limeambiwa likae. Tukasikiliza dirishani.

"Limepona," Bi Mwanaidi akasema. Halikuwa swali. Kisha akasema, "Tabu, ni saa ngapi?" Tabu akajibu saa saba kasoro. "Pakua basi."

Hapo likazuka la shangazi yake Tabu, bibi mkali wa Mzenga, aliyesema mjane yuko eda na sinia la kula na wanaume linakwenda wapi. Bi Mwanaidi akajibu kutoka ndani, "Hamisi ni mwanangu. Na huyo mwingine si mwanaume, shangazi, huyo mtani." Shangazi akanung'unika kwamba ya Visiga yaishie Visiga. Wakapatana hivi: sinia la ubwabwa likawekwa kizingitini, nusu chumbani na nusu ukumbini, pazia likashushwa katikati. Mimi na Hamisi na Tabu tukakaa upande wa ukumbi. Moshi unapanda, hakuna aliyegusa. Upande mmoja wa sinia, ule wa karibu na mlango wa nje, haukukaliwa na mtu, ulikuwa wa Pazi. Hatukuambiana, tulikaa tu hivyo. Tukangoja. Kisha chini ya pazia mkono wa Bi Mwanaidi ukatoka, umekonda, hauna bangili, ukasimama juu ya chakula. Haukushuka. Ulikuwa unangoja kuhesabiwa.

Tabu akanitazama. Nikajua ni mimi. "Mitatu," nikasema. Sauti ilikuwa yangu, si ya mtu mwingine. "Na wa mtani, minne. Haya, bismillahi."

Mkono wake ukashuka, ukafinyanga tonge, ukarudi nyuma ya pazia. Tukasikia anatafuna. Ukatoka tena. Hamisi akainamisha kichwa, akala. Nilisubiri hadi ulipotoka mara ya tatu, ndipo nikanyoosha mkono wangu, nikaupeleka ule upande wa mlango ambao hakuna aliyeugusa, nikauzamisha chini kabisa ambako ubwabwa ulikuwa haujapoa. Uliniunguza. Uliniunguza vidole vyote vitano, hadi machozi yakanitoka, na sikuutoa mkono. Nikala na sehemu yake.